Sura ya Sita: Nguo za Wazee, Zawadi za Wajukuu

Mzee akifariki, mambo makubwa huamuliwa mapema: shamba, nyumba, madeni, mifugo. Nguo huachwa mwisho. Nyingine hutolewa sadaka, nyingine hugawiwa ndugu siku ya arobaini, na zile ambazo hakuna mwenye moyo wa kuzitoa hukunjwa na kurudishwa sandukuni. Huko hukaa miaka. Kila mmoja nyumbani anajua zipo, hakuna anayejua azifanyie nini. Siku sanduku linapofunguliwa, khanga zimefanya madoa ya njano kwenye mikunjo, kanzu imeshika kutu ya bawaba, na mtu wa mwisho aliyejua ile ya maua mekundu ilivaliwa harusi ya nani naye ameshazikwa.

Sura hii inaeleza namna ya kuzitoa nguo hizo mapema na kuzishona ziwe zawadi: shuka la mtoto mchanga, foronya ya mto, begi la bi harusi, kitambaa cha kila mjukuu. Nguo hubeba alama za mwenyewe, lakini haiwezi kusimulia. Ndiyo maana kazi hii huanza kwa kuuliza na kuishia kwa kuandika. Mkasi na sindano viko katikati. Anayefuata mpangilio huo atatoa zawadi yenye thamani hata kama mshono wake haukunyooka. Anayeuruka atabaki na viraka vizuri ambavyo miaka ishirini baadaye vitapangusia meza.

Safari ya khanga nyumbani

Tuanze na khanga, au leso kama wanavyoiita Wakenya wengi, kwa kuwa ndiyo nguo inayopatikana katika masanduku mengi zaidi. Inasimuliwa kwamba khanga yenyewe ilizaliwa kwa kuunganisha vipande. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyouzwa vikiwa havijakatwa, wakavikata vitatu vitatu, kisha wakashona safu mbili pamoja kupata vazi moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuleta kitambaa kipana kilichopigwa chapa kikiwa kizima. Mmoja wao, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, alianza biashara yake mwaka 1887, na chapa yake ya “Mali ya Abdulla” bado inasomeka kwenye leso zinazouzwa leo. Maandishi ya khanga yalipigwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Kwa hiyo anayeshona vipande vya khanga leo anaendeleza kazi ambayo bibi zake waliianza.

Khanga pia haikai mahali pamoja katika maisha yake. Ikiwa mpya huvaliwa doti nzima kwenye shughuli. Ikishafuliwa mara nyingi huwa ya nyumbani, kisha ya kulalia. Ikilainika kabisa hutafutwa kwa ajili ya mtoto mchanga, kwa sababu hakuna kitambaa kipya kinacholingana na ulaini wa khanga iliyochakaa: huwa mbeleko, huwa ya kumfutia mtoto, huchanwa kuwa nepi. Mwisho huwa tambara la kudekia. Kila hatua ina heshima yake, na mama zetu hawakupoteza hata shubiri moja ya kitambaa. Tunachofanya katika sura hii ni kuichukua khanga pale ilipo laini lakini bado ina nguvu, kabla haijafika kwenye ndoo ya kudekia, na kuipa kazi nyingine ndefu.

Shuka lililotunzwa na masimulizi

Katika jimbo la Alabama, Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kimezungukwa na mto Alabama pande tatu. Wakazi wake wengi ni wazao wa watu waliokuwa watumwa katika shamba la pamba la hapo, na wengi bado wanatumia jina la Pettway, la aliyelimiliki shamba hilo tangu mwaka 1845. Nyumba zao zilikuwa za mbao, na baridi ilipita kwenye nyufa. Wanawake walishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi zilizokwisha: magoti ya suruali za jinzi, migongo ya mashati, magunia ya pamba.

Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa huko, Missouri Pettway, alifiwa na mume wake aliyekuwa ameugua kwa miezi kadhaa. Alizichukua nguo zake za kazi akazishona kuwa blanketi, akisaidiwa na binti yake Arlonzia aliyekuwa bado kijana. Miaka mingi baadaye Arlonzia alieleza nia ya mama yake: alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika chini ya nguo zake kwa ajili ya mapenzi. Blanketi hilo lina rangi zilizopauka kwa jua la shambani. Mablanketi ya Gee's Bend yalioneshwa katika jumba la makumbusho la Houston mwaka 2002, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake.

Jicho la mtaalamu huona ufundi wa rangi na mistari. Lakini tunajua zile ni nguo za nani, na kwa nini zilishonwa mwaka ule, kwa sababu binti alikuwepo, alikumbuka, na aliulizwa. Kama Arlonzia angenyamaza, blanketi la mama yake lingekuwa moja kati ya mengi yaliyoshonwa kuzuia baridi. Hilo ndilo somo la kuchukua kutoka Gee's Bend hata kama hujawahi kuona theluji.

Kabla ya mkasi: idhini na masimulizi

Nguo za marehemu si za aliyekabidhiwa ufunguo wa sanduku. Kwa Waislamu ni sehemu ya mirathi na warithi wote wana haki humo. Katika jamii nyingi za bara zipo taratibu za kugawa nguo, na zipo familia ambazo hazikubali nguo ya marehemu ikatwe kabisa. Kaeni pamoja kwanza. Eleza unachotaka kushona, utachukua nguo zipi, na nani atapata nini. Kama shangazi mmoja anasema hayuko tayari, mwachie nguo anayoipenda ikiwa nzima, au subiri. Zawadi iliyoshonwa kwa nguo iliyochukuliwa kimyakimya huleta ugomvi badala ya faraja.

Ukiweza, ifanye kazi hii mwenye nguo akiwa hai. Hapo hakuna mirathi wala matanga, na msimulizi mwenyewe yupo. Mwombe bibi akufungulie sanduku siku ambayo hana haraka, kaa naye mkekani, toa nguo moja moja. Usimuulize “unakumbuka nini?” kwa jumla; swali hilo huchosha. Muulize kuhusu nguo iliyo mkononi: Hii ulipewa na nani? Ulinunua duka gani, mji gani? Uliivaa siku gani? Nani alikuwa na ya pacha yake? Kwa nini umeitunza hii na si nyingine? Doti ya khanga ni vipande viwili, na mara nyingi kipande cha pili alipewa dada, wifi au shoga. Jibu la swali hilo peke yake hufungua nusu ya ukoo.

Rekodi sauti kwa simu kama ameridhia, na uandike kwenye karatasi. Kata vijikaratasi vyenye namba, ubane kimoja kwa pini kwenye kila nguo, na kwenye daftari uandike maelezo chini ya namba hiyohiyo. Piga picha ya kila nguo ikiwa nzima, imetandazwa, mbele na nyuma. Picha hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya vazi lilivyokuwa kabla ya kukatwa.

Kama mwenyewe ameshatangulia, kitambaa chenyewe kitakupa mwanzo wa mazungumzo na wale waliobaki. Tazama ukingo wa khanga: mara nyingi jina la mwenye biashara na namba ya mchoro vimepigwa chapa hapo kwa herufi ndogo. Khanga zilizotolewa kwa ajili ya tukio, kama uchaguzi, sherehe ya uhuru au kushinda kwa Barack Obama mwaka 2008, hubeba tarehe yake zenyewe. Vitenge vya shirika, kwaya na kikundi cha akina mama vina nembo na mwaka. Chukua nguo hiyo kwa jirani wa rika la marehemu umuulize. Watu wengi wasiokumbuka mwaka hukumbuka rangi.

Kuipima afya ya nguo

Pamba hudhoofishwa na jua, jasho, ukungu na mkunjo uliokaa mahali pamoja muda mrefu. Nondo wa nguo hula sufu na hariri. Wanaoharibu pamba zaidi ni mchwa, mende na panya, na katika miji ya pwani unyevu huleta ukungu hata kwenye sanduku lililofungwa vizuri. Kwa hiyo usiamini macho peke yake. Inua nguo kwenye mwanga wa dirisha: sehemu zilizochoka huonekana kama chujio. Kisha shika kitambaa kwa vidole vya mikono miwili, ukivute polepole. Kikilia na kuachia nyuzi, hakiwezi kubeba mshono chenyewe, kitahitaji bitana.

Jaribu rangi kabla ya kufua. Lowesha kona, ibane kwa kitambaa cheupe dakika chache. Ikiacha rangi, na khanga nyekundu na nyeusi za zamani huacha sana, ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, na usiiweke kwenye shuka moja na kanzu nyeupe. Tumia sabuni laini. Acha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu klorini hula nyuzi za pamba zilizokwisha dhoofu. Usikamue kwa kusokota. Bana maji kwa taulo, anika kivulini ikiwa imelala.

Kwa mashati na magauni ya dukani, jua kwanza kitambaa ni cha nini. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome mbali na nguo. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu pasi inayonyoosha pamba vizuri itaiyeyusha poliesta mbele ya macho yako.

Na kabla ya kufua chochote, fikiri alama zipi zinabaki. Kiraka alichoweka mama mwenyewe, uzi wa rangi tofauti alioshonea kifungo, mfuko uliochanika kwa uzito wa funguo: hizo ni saini za mwenye nguo. Fua uchafu, zihifadhi alama.

Kukata kwa kufuata habari

Khanga ina sehemu tatu: pindo lizungukalo, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Wanaoanza huikata yote kuwa miraba sawa, na jina hukatika katikati ya neno. Fanya kinyume. Amua kwanza kile ambacho lazima kibaki kizima, yaani jina lote pamoja na fremu yake, ua kubwa la mji, nembo ya kwaya, kiraka cha mama. Kizungushie chaki ya fundi, ukiacha sentimita 1 kila upande kwa ajili ya mshono. Vilivyobaki ndivyo vikatwe miraba.

Fuata mwelekeo wa nyuzi. Kipande kilichokatwa upande hutanuka kikishonwa na shuka zima hujikunja. Khanga husaidia hapa, maana mistari ya pindo lake huonesha palipo wima, ingawa chapa nyingine hupigwa zikiwa zimepinda kidogo. Ukiona hivyo, amini nyuzi kuliko mchoro. Kipande kilichochoka kilazie bitana ya pamba nyepesi, kama shuka jeupe la zamani lililofuliwa, ukishikize kwa bandi pembeni, halafu uvihesabu hivyo viwili kuwa kitambaa kimoja.

Kofia za vito zilizotariziwa kwa mkono, buibui la kale lililoshonwa vizuri na kanzu yenye darizi shingoni, hizo ziacheni nzima. Kazi ya mkono wa mtu mwingine isikatwe ili kutengeneza kazi ya mkono wako.

Shuka la mtoto

Zawadi inayofaa zaidi kwa khanga za bibi ni shuka la kitukuu. Kipimo cha sentimita 100 kwa 100 kinatosha kumlaza na kumfunika. Ukikata miraba ya sentimita 22, kila mmoja utabaki 20 baada ya kushonwa, na miraba 25 itajaza shuka. Khanga moja, ambayo kwa kawaida ina kama sentimita 150 kwa 110, ingetosha kutoa miraba hiyo yote, lakini uzuri ni kuchanganya: khanga mbili au tatu za bibi, kipande cha shati la babu, kipande cha kitenge alichovaa mama alipokuwa mjamzito. Jina la khanga liweke kama mstari mrefu mahali pa safu ya kati, miraba ikipangwa juu na chini yake.

Tandaza vipande sakafuni kabla ya kushona, urudi nyuma utazame, ubadilishe. Ukiridhika, shona mraba kwa mraba mpaka upate safu, piga pasi mishono ikalie upande mmoja, kisha unganisha safu. Chini weka kitambaa kizima cha mgongo. Penye baridi kama Arusha, Mbeya au Nyeri, weka blanketi jepesi katikati. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, shuka kuukuu linatosha. Shikiza tabaka zote kwa pini, halafu upige bandi kufuata mishono kwa sindano ya mkono na uzi wa pamba. Wanawake wa Bengali, nchini India na Bangladesh, hushikiza tabaka za sari kuukuu kwa bandi hiyohiyo rahisi, zamani wakichomoa nyuzi za rangi kwenye pindo za sari zenyewe, na kumfunika nazo mtoto mchanga. Mwisho kunja ukingo wa mgongo uje mbele, ushone kuzunguka.

Shuka la mtoto lisiwe na kifungo, shanga wala utepe unaoning'inia, hata kama ni kifungo cha koti la babu. Mtoto hutia kila kitu mdomoni.

Nguo za baba na haki ya kila mmoja

Shati la baba linajishona lenyewe kuwa foronya. Lifunge vifungo vyote, lilaze, kata mraba wa sentimita 42 kupitia mbele na mgongo kwa pamoja, vifungo vikiwa katikati. Vigeuze vipande hivyo viwili vitazamane ndani, shona pande zote nne, kisha fungua vifungo na kugeuza. Safu ya vifungo ndiyo mlango wa kuingizia mto wa sentimita 40. Mfuko wa kifuani uache. Mjukuu ataweka humo barua yake. Suruali za kazi na sare za shule ni ngumu, hivyo hufaa begi la kubebea vitabu au la sokoni.

Familia ikiwa kubwa, usimshonee mtu mmoja zawadi kubwa huku wengine wakitazama. Gauni moja la kitenge linaweza kutoa vitambaa vidogo vya mkononi kwa wajukuu wote, kila kimoja kikiwa na kipande cha mchoro uleule. Wakikutana harusini kila mmoja akakitoa chake, wanajua walikotoka. Watoto wajifunzie hapo pia: mkabidhi kijana sindano, ashone chake mwenyewe wakati shangazi anasimulia.

Maandishi ya nyuma

Sasa rudi kwenye daftari lako. Chukua kipande cha pamba nyeupe cha ukubwa wa kiganja, andika kwa kalamu ya wino usiofutika au fuatisha penseli kwa uzi wa kutarizia. Majina kamili, si “bibi” tu, maana kila bibi ana wajukuu na miaka hamsini baadaye hakuna atakayejua ni yupi. Andika nguo ilikuwa ya nani, alizaliwa wapi, iliyo katikati aliivaa lini, nani ameshona, mwaka gani, anapewa nani. Shona kipande hicho nyuma ya zawadi pande zote nne. Maelezo marefu yaandike kwenye karatasi ukiambatanisha picha za nguo zikiwa nzima, na nakala moja ibaki kwa ndugu mwingine.

Siku ya kukabidhi, karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya watu. Mwambie mpokeaji kwamba shuka hili ni la kulalia na kufuliwa, maji baridi, sabuni laini, kivulini, asilirudishe sandukuni. Litachanika siku moja, na atakayelishona atumie kipande cha nguo ya mtoto aliyelilalia. Kwa hiyo kwenye maandishi ya nyuma acha nafasi tupu chini ya jina la mwisho, ya kutosha majina mengine mawili au matatu na miaka yao.